Uzi Mwekundu wa Masanja

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikitoka Bariadi hadi Maswa, tayari nahesabu nimesafiri. Mchumba wangu Masanja anasoma chuo huko Pune, India, na kinachomfuata kila mahali ni wivu wangu tu.

Juzi kanitumia picha: binti wa darasani kwake, nywele hadi kiunoni, anamfunga uzi mwekundu mkononi huku wenzao wanapiga makofi. Niliikuza ile picha mpaka nikaona rangi ya kucha. Huku kwetu uzi wa mkononi haufungwi bure, ni dawa. Nikakimbilia kwa mama yake.

“Mayu, mwanao amefungwa! Kuna Mhindi kamtia dawa!”

Mama akalia, akamwita baba mkubwa. Nami nikavua pete ya uchumba mbele yao, nikaiweka mezani kwa madaha ya mtu aliyeonewa. Ndipo tukampigia Masanja kwa video.

“Uzi huu?” akacheka. “Huku dada humfunga kaka yake, wana siku yao. Priya aliniona mpweke hosteli, akasema basi mimi kaka yake. Priya, njoo usalimie nyumbani!”

Binti akatokea kwenye kioo, kafundishwa Kisukuma akafundishika: “Mwangaluka, mayu! Na wifi yangu yuko wapi?”

Mama akanigeuzia simu. Wifi mtu nilikuwa napapasa meza nzima kutafuta pete, ambayo baba mkubwa alikuwa ameshaitia mfukoni.