Nusu ya Ng'ambo

Kila ninapopita mahali wanapokandika nyumba, harufu ya udongo mbichi uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe hunirudisha kwenye ukumbi wetu wa mtoni, kule Ufipa, nina tope hadi viwikoni na bibi ananisuta kwamba najikandika mwenyewe kuliko ukuta.

Ukumbi ule, pamoja na daraja la miti lililokuwa mbele yake, ulitunzwa na Chama cha Daraja. Kilianzishwa zamani na wazee wa kingo zote mbili, ili mgonjwa asikwame mto ukijaa. Kiingilio chake kilikuwa mti mmoja, mnyoofu, unaoubeba mwenyewe. Kila mwaka kabla ya mvua, wanaume walibadilisha miti iliyooza: wa ng'ambo walianzia kwao, wa kwetu walianzia kwetu, mpaka wakutane katikati. Wanawake tulikandika ukumbi. Kisha wote tulikula humo ugali wa ulezi, na shangazi yangu, aliyeolewa ng'ambo, alinipakata hata nilipokuwa nimeshakua mno kupakatwa.

Halafu ikaja amri ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Sisi tulipelekwa kando ya barabara ya Kaengesa; wenzetu wa ng'ambo wakashushwa bondeni, upande wa Ilemba, karibu na ziwa. Mtoni hakubaki mtu. Hata hivyo, mvua zilipokaribia, bibi alisema, "Twendeni darajani," na watu wakachukua mashoka yao.

Njia nzima niliwaza mapaja ya shangazi. Kufikia adhuhuri nusu yetu ilikuwa imekamilika, miti yake myeupe bado inatoa maji. Nusu ya pili ilikuwa miti ya mwaka uliopita, imelegea, na nyuma yake nyasi tupu zikiinama na upepo.

"Mama, wakwe zako wamenogewa na samaki wa ziwani," alitania Mzee Sikazwe, jirani yetu. "Tumalizie sisi, tukale."

Bibi akakaa juu ya miti mipya iliyobaki. "Ile nusu ni yao."

"Ni miti tu, mama."

"Tukimaliza wenyewe, watajuaje kwamba tuliwangoja?"

Mzee Sikazwe akaweka shoka chini. Tulingoja mpaka ugali ukakauka, kisha tukarudi. Shangazi hakuja. Njiani nililia kwa hasira, maana nilimwona bibi mkaidi: shangazi akija kesho, na nusu ya daraja imelegea, atavukaje?

Nilikuwa mtu mzima, ninaishi mbali na wote walionipakata, ndipo nikaelewa. Kazi ile ilikuwa ya watu wa pande mbili. Kama tungetandika mti wa mwisho kwa mikono yetu, tungekuwa tumekubali kwamba tunaweza kuishi bila shangazi. Bibi hakuwa tayari. Sasa najua kwamba hata mimi, na kilio changu chote, sikuwa tayari.