Wenyewe Wakirudi

Mwanamke wa Kipolandi alikuja kwetu Ansab, mtaa wa Maskati, kwa ajili ya Kiarabu. Mumewe alikuwa mhandisi mwenye mkataba Maskati, na yeye mwenyewe alikuwa mhariri wa vitabu kwao, kazi aliyoendelea kuifanya kutoka fleti yao ya Ghubra. Alikuwa amejiandikisha katika kituo ninachofundisha, lakini darasani hakupata nafasi ya kuzungumza, akaniomba nimfundishe peke yake. Nilimwambia aje nyumbani alasiri, maana mama yangu alikuwa keshaanza kusumbuliwa na magoti na sikutaka kumwacha peke yake muda mrefu.

Njia yangu ya kufundisha watu wazima ni kuwafanya waseme wanachokijua. Yeye alivijua vitabu. Basi alikuwa akikaa kwenye majlisi yetu, chumba cha wageni, kikombe cha kahawa mkononi, akinieleza kwa Kiarabu chake cha kuokoteza mambo ya waandishi wa kwao, na mimi nikimsahihisha. Mama alikuwa hakai mbali, kwenye kiti chake karibu na dirisha. Kiarabu anakijua vizuri, lakini cha yule mgeni kilimpita, kila mara akawa ananiuliza kwa Kiswahili, "Anasemaje?"

"Anasema vitabu vya kwao siku hizi vimebadilika."

"Vimebadilika vipi?"

Nikamuuliza mgeni. Akafikiri, akatafuta maneno, akasema kwamba zamani mwandishi wa Poland aliandika kama mtu aliyesimama mbele ya jeneza la taifa, watu wote nyuma yake wamevaa nyeusi. Sasa waandishi wameondoka pale mbele, wameingia jikoni. Wanauliza bibi zao walikula nini, walimwogopa nani, na kwa nini kuna mambo nyumbani hayakuwa yakizungumzwa.

Mama alicheka niliposema jikoni. Hakucheka tena siku ile.

Maana mgeni aliendelea, akatueleza habari ya nyumba. Baada ya vita vikuu vya pili vya dunia mipaka ya nchi yao ilisogezwa. Wapolandi wa mashariki walitolewa makwao wakapakiwa kwenye treni, wakapelekwa magharibi, kwenye miji ambayo Wajerumani nao walikuwa wametolewa. Wakapewa nyumba za wale waliotolewa. Waliingia wakakuta sahani kabatini, mashuka yamekunjwa, chupa za matunda yaliyohifadhiwa zina maandishi ya mkono wa mtu mwingine. Wakayala yale matunda. Kwa miaka mingi hakuna aliyelisema jambo hilo kwa sauti, na sasa wajukuu ndio wanaoliandika, kitabu baada ya kitabu, kama watu waliosikia kitu ukutani.

"Na mimi nimekulia kwenye nyumba kama hiyo," alisema.

Nilimtafsiria mama. Aliweka kikombe chini.

"Muulize, wenyewe walirudi?"

Mgeni akasema kwamba walirudi mara moja, yeye akiwa mtoto. Mwanamke mzee alishuka kwenye gari pamoja na kijana wake, wakasimama nje ya uzio wakiiangalia nyumba. Bibi yake aliwaona kupitia dirishani. Alivuta pazia, akawakalisha wajukuu wote chini, jikoni, akawaambia wasitoe sauti. Wale wawili walisimama muda mrefu kisha wakaondoka.

"Nilimuuliza bibi, yule nani? Akaniambia, si mtu."

Mama alinitaka nilirudie neno hilo. Nikalirudia. Si mtu.

Nyumba yetu ya Ansab aliijenga marehemu baba kwenye kiwanja kitupu, mawe na vumbi, mlima nyuma yake. Hapakuwahi kukaa mtu kabla yetu, na mama alikuwa akilisema hilo kwa shukurani kila mgeni alipoisifu. Baada ya siku ile akaacha kulisema. Akaanza kuniita kutoka chumbani: "Kuna mtu anabisha." Nikienda kufungua, barabara nyeupe kwa jua, hakuna hata paka. Akageuza kiti chake kisiupe mlango mgongo. Siku moja mchana nilimkuta amesimama katikati ya ukumbi, ameinua uso.

"Unasikiliza nini, mama?"

"Nnawasikia wanatembea juu."

Juu kwetu ni paa na tangi la maji.

"Nani wanaotembea?"

"Wa nyumba ya Unguja," alisema, kwa utulivu kama anayenitajia majirani. Nyumba hiyo, ya mtaa wa Malindi mjini Unguja, aliiacha akiwa mtoto mdogo, siku za mapinduzi, na tangu hapo hajaiona.

Kaka yangu anakaa Al Amerat na huja kila Ijumaa baada ya sala, na watoto wake wote garini. Nilimweleza. Tukampeleka mama kwa daktari, akapimwa masikio na kichwa, akaonekana mzima. Tuliporudi kaka alinivuta pembeni.

"Huyo Mzungu wako kamtia mama mambo. Mwambie asije tena."

Mama alisikia. Masikio yake, kama alivyosema daktari, hayakuwa na tatizo.

"Mwache aje," alisema. "Nyie miaka yote hamjaniuliza kitu. Mwacheni aje."

Akaendelea kuja. Nilidhani mashairi yangekuwa mepesi zaidi, nikamwomba atueleze mashairi. Akasema washairi vijana wa kwao wengi wameachana na mapambo, wanaandika kwa maneno ya dukani na hospitalini, juu ya mito ambamo samaki wanakufa, juu ya kuwauguza mama zao, wengine kwa lugha za majimbo ambazo shuleni zilikuwa zikichekwa. Mama, ambaye amelelewa na tenzi, aliuliza vina viko wapi. Nikamwambia havipo. "Basi hayo ni mazungumzo," alisema. Mgeni akacheka, akakubali kwamba hata kwao wapo wanaosema hivyo.

Kisha akatueleza juu ya msitu. Kwenye mpaka wa mashariki wa nchi yao kuna msitu mkubwa wa zamani, na miaka ya karibuni watu kutoka nchi za mbali, Waarabu wengi miongoni mwao, wamekuwa wakipita humo kutafuta maisha. Wengine hawatoki. Washairi wanaandika juu ya vinavyobaki chini ya miti: kiatu cha mtoto, chupa, kitambaa cha kichwa. Alisema kinachowatesa ni kwamba makaburi mengine yanaandikwa tu kuwa aliyelala hapo hajulikani.

Baadaye mama akasema, "Hayo hayataki vina," na akaomba tuzime kiyoyozi kwa sababu anasikia baridi.

Lililofungua kinywa cha mama lilikuja alasiri nyingine. Mgeni alikuwa akihariri kitabu cha mwanamke wa rika lake, na akatueleza kwamba hicho ndicho kitu kipya kuliko vyote kwao. Kwa muda mrefu kila Mpolandi alijisimulia kama mjukuu wa makabaila, mwenye jumba na farasi. Kumbe wengi wao walitokana na wakulima waliofungwa kwenye ardhi ya bwana, wakichapwa na kufanyishwa kazi bila ujira, na wanawake waliolala kwenye sakafu za jikoni za majumba yale. Sasa wajukuu wa sakafuni ndio wanaoandika.

"Na majina ya hao bibi zao wameyapata?" mama aliuliza.

"Mara nyingi hawayapati. Bwana ana majina matano, na mtumishi wa kike ameandikwa tu kuwa ni mtumishi. Waandishi wengine wanawabunia majina, wengine wanasema kufanya hivyo ni vibaya, bora pabaki patupu. Wanabishana sana."

Mama alifunga na kufungua kitambaa alichokuwa nacho mkononi. Kisha akaanza kusema, si kwangu wala kwa mgeni, akitazama zulia.

Hadithi ya kutoka Unguja tumeisikia tangu utotoni. Katika hadithi hiyo babu ndiye shujaa: aliwaficha watoto, akawatoa, akawafikisha. Siku ile mama aliisimulia tofauti. Alisema babu alikuwa hayupo. Asubuhi ile walikuwemo bibi na watoto, wamejifungia kwenye chumba cha juu, na chini alikuwepo yaya aliyemlea mama, peke yake. Watu wenye mapanga walipopiga mlango, yaya alifungua. Mama alimsikia kutoka juu.

"Wakamuuliza, wako wapi? Akasema, humu hamna mtu. Wakamuuliza tena. Akasema, mwanangu, nimekwambia humu hamna mtu, ni mimi tu."

Wale watu waliondoka. Siku mbili tatu baadaye babu akarudi, wakatoka kwa mashua, na yaya akabaki amesimama uani. Mama hakumwona tena.

"Alikuwa analala wapi?" nilimuuliza.

"Miguuni pangu. Kwenye mkeka. Anakula sisi tukishakula." Akainua mkono wa kushoto, akashika kifundo. "Hapa alikuwa na alama ya moto. Sijui aliipataje. Sijapata kuuliza."

Nikamtafsiria mgeni yote.

Wiki ile mama alitaka kuzungumza na watu wa nyumba ya Malindi. Kaka hakupenda, alisema tutaonekana tunadai. Lakini mama alikuwa keshampigia mwenyewe binamu yetu aliyebaki Unguja, akamwagiza aende huko na simu yake, tuonane kwa video. Tukakaa, mama, kaka na mimi, asubuhi ya Jumamosi, simu imeegemezwa kwenye birika. Tuliuona mlango, ngazi, mkono wa binamu ukibisha. Mlango haukufunguliwa haraka. Nilimwona mama anashika ukingo wa meza.

Akatokea mwanamke wa makamo ya mama, kanga kichwani. Binamu akamweleza ni nani anayepiga. Yule mwanamke akarudi hatua nyuma, nikadhani atafunga.

"Assalamu alaykum, bibi," mama alisema.

"Waalaykumu salaam." Alikuwa amejishika kifua. "Ndo nyie wenyewe?"

"Tulikuwa."

"Sisi tulipewa na serikali, bibi. Mimi nimeletwa humu bi harusi, sijui lolote. Lakini n'kwambie kweli, tangu niingie, kila akibisha mtu nisiyemjua roho inanipaa. Nasema, wamekuja. Wanangu wananicheka."

"Na mimi kuna wanaobisha huku," mama alisema. "Kaa nyumbani kwako, bibi. Sikupiga kwa ajili ya nyumba. Mnatembea huko juu?"

"Tunatembea, ndiyo. Wajukuu wanalala juu."

Mama aliitikia kwa kichwa, kama aliyethibitishiwa jambo. Halafu akauliza alichokuwa ametaka kukiuliza. Kulikuwa na mwanamke, alisema, alikuwa yaya humo, alibaki wao walipoondoka. Labda alikaa hapo mtaani, labda alizikwa karibu. Je, kuna anayemjua?

"Huenda wazee wa mtaa wanamjua. Nitawauliza. Jina lake nani?"

Mama alifungua mdomo. Tulimtazama, kaka na mimi, na yule mwanamke kwenye simu naye akasubiri, na nyuma yake nikasikia watoto wakishuka ngazi.

"Tulikuwa tukimwita Yaya," mama alisema.

"Ndiyo, bibi. Lakini jina lake?"

Mama alilia. Sikuwahi kumwona akilia hivyo hata alipofariki baba, mdomo wazi, bila sauti. Kaka ndiye aliyeinuka akamkumbatia, na mimi nikaagana na yule mwanamke, nikamshukuru, nikamwahidi kwamba tutapiga tena.

Nyayo za juu zilikoma. Kubisha pia. Nilipomuuliza mama kama sasa anapumzika, alisema hapana, sasa yupo mtu mmoja tu, jikoni, na wala hatembei. Amekaa anangoja watu wamalize kula. Tangu hapo mama hutaka tule pamoja wote, hata msichana wa Kihabeshi anayetusaidia kazi, ambaye kwanza aliona haya. Mama alimuuliza jina lake kamili, la baba na la babu, akalirudia mpaka akaweza kulitamka sawasawa.

Mkataba wa mume wa mgeni uliisha, wakafunga vyombo. Alikuja kuaga akiwa na halua aliyoinunua mwenyewe, akafanya makosa machache sana ya Kiarabu. Alitaka ruhusa. Anafikiri kuandika, alisema, kitu kifupi, juu ya bibi yake na uzio, na angependa kuwemo ndani yake yaya wa Malindi, kama mama hatachukizwa.

Mama aliiweka halua mezani.

"Mwambie aandike," aliniambia. "Lakini asimpe jina la uongo."

Nikatafsiri. Mgeni aliinama akambusu mama mkono, jambo ambalo sikulitarajia.

Mwanamke wa Malindi amekuwa akitupigia, kwanza Idi, halafu bila sababu. Ameuliza kwa wazee. Mmoja kamwambia kulikuwa na mwanamke mwenye alama mkononi, mtu wa Donge, alirudi kwao. Mwingine kasema si Donge, ni Tumbatu, na alikufa mapema. Hakuna aliyekuwa na hakika. Mama husikiliza yote, kisha humsimulia yule mwenzake anachokikumbuka: jinsi yaya alivyokuwa akipoza uji kwa kuumwagia kwenye kisosi, jinsi alivyokuwa akimsuka nywele bila kumuumiza. Yule mwanamke husema, endelea, bibi, nnakusikia. Na mama huendelea, mpaka salio la simu ya upande mmoja linapokwisha.