Udi Ndani ya Trela

"Trela hili limewahi kuungua ndani."

Ndivyo alivyosema leo mchana mkaguzi wa duka la matrela ya kulala, hapa Woodbridge.

Nilipeleka letu walichukue, nipunguziwe bei ya jingine lenye kitanda cha chini. Magoti ya mama mkwe wangu, Bi Zuhura, yamekataa ngazi. Bila kitanda hicho, hasafiri nasi.

Mkaguzi alifungua mlango, akanusa, akarudi nyuma.

"Moto ulianzia wapi?"

Nikamwambia hapajawahi kuwa na moto, wala sigara. Akaandika: moshi, chanzo hakijulikani.

Nikampigia Bi Zuhura.

"Mama, jana uliingia kwenye trela?"

"Niliingia, mwanangu. Nimelifukiza udi pembe zote. Kitu hakiendi kwa watu kinanuka soksi zenu."

"Wanasema liliungua."

"Pua zao ndizo zimeungua! Mpe simu niseme naye."

Sikumpa.

Sijawahi kupata chanzo cha moshi haraka hivyo, wala kisichojutia kitu.

Anayejua namna ya kuondoa harufu ya udi aniandikie hapa chini.

Duka limekubali kulikagua tena Jumamosi, saa tatu asubuhi. Hadi hapo, chetezo chake cha kufukizia udi kimefungiwa kwenye buti ya gari langu, na funguo natembea nazo.