Chumvi ya Kijani ya Mdogo Wangu

Mimi ndiye niliyemwombea mdogo wangu kazi katika karakana ya ndoo na matangi, pembeni mwa mji wa Kakamega. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Tulikuwa tukichovya mabati ya chuma ndani ya asidi ili kutu itoke, kabla hayajapakwa zinki. Asidi ikichoka, niliimwaga shimoni na kuifunika kwa chokaa. Miaka sita, bila kuuliza swali. Mdogo wangu, mwezi wa pili tu kazini, asubuhi moja ya baridi akaona vipande vya kijani vimeganda ukingoni mwa pipa la asidi iliyochoka.

"Kaka, hiki ni chuma tulichokiosha," akasema. "Kimo humu ndani, na sisi tunakimwaga."

Akatia misumari mikuukuu mpaka asidi ikaacha kutoa povu, akaichemsha, akaiacha ipoe. Ikaganda chumvi ya kijani inayong'aa kama chupa iliyovunjika. Tajiri wetu, mwenye karakana, akapata watengenezaji rangi wa kuinunua. Mbele ya wafanyakazi wote akamwita "fundi". Mimi aliniita "wewe wa asidi".

Nyumbani Navakholo, mama akachinja kuku. Firigisi, ambayo ni haki ya mkubwa, akampa yeye.

Jumatatu, wenzetu walipokwenda kula, nikamimina ndoo mbili za maji kwenye pipa lake lililokuwa likipoa. Siku tatu hakikuganda kitu. Tajiri akamfokea.

"Kaka, nimekosea wapi?" mdogo wangu akaniuliza.

"Labda asidi ni mbaya," nikamjibu. Moyoni nilifurahi, sifichi.

Akachemsha upya mpaka maji yakapungua, na chumvi ikatoka. Jioni, tukisukuma baiskeli kupanda mlima, akaniambia polepole, "Nilikuwa nimekwaruza alama ndani ya pipa kwa msumari. Maji yalipanda."

Nikangoja anitukane.

"Nimemwambia tajiri nilikosea kipimo," akasema, akaendelea kusukuma.

Ningependa kuandika kwamba nilimwomba radhi palepale. Sikumwomba. Niliuonea wivu hata huo moyo wake. Mwaka ulipita, naye alikuwa ameshahamia kiwanda kikubwa mbali na kwetu na kuniachia mimi kazi ya kuchemsha chumvi, ndipo nikamwandikia barua kumwomba anisamehe.

Alinijibu haraka: alishasahau, na moto wa kuchemshia nisiuzidishe. Nilisoma barua ile mara mbili. Hata mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu.