Kifungu cha Tisa cha Mkataba wa Shangazi

Nafundisha Kiingereza katika shule moja ya sekondari hapa Bariadi, na kwa miaka mingi niliamini kwamba kosa la kiunganishi huishia kwenye daftari. Unalizungushia wino mwekundu, unamrudishia mwanafunzi, mnaendelea na somo. Kisha shangazi yangu wa Lingeka akanitumia picha ya karatasi.

Ilitoka kwenye simu ya jirani yake. Ilikuwa picha ya ukurasa mmoja tu, na jirani alikuwa ameandika kwamba shangazi anauliza tarehe ya mwisho ya mkataba ni ipi. Hakuuliza kingine. Niliona ajabu kidogo, maana huyo ni dada wa marehemu baba yangu, na tangu baba azikwe alikuwa hajanitafuta kwa jambo lolote la karatasi.

Habari ya mkataba wenyewe nilikuwa naijua. Shangazi ana eneo kando ya barabara, alilopewa na babu. Kampuni moja ya kununua pamba ililikodi, ikajenga ghala la mabati na kuegesha malori yake humo. Sasa mkataba ulikuwa ukingoni, na shangazi alilitaka eneo lake. Binti yake alikuwa amefiwa na mume na kurudi nyumbani na watoto, na hapo ndipo walipopanga kumjengea nyumba.

Tarehe niliiona. Lakini macho yalishuka hadi kifungu cha tisa: "This agreement shall continue for a further five years unless the owner gives notice in writing before it ends." Yaani mkataba utaendelea miaka mitano mingine, isipokuwa mwenye eneo atoe taarifa kwa maandishi kabla haujaisha.

Nilimpigia shangazi. Nilimuuliza kama ameshawaandikia.

"Niandike nini?" alisema. "Mimi sitaki kuendelea. Ndiyo maana nimekaa kimya."

Akanieleza alivyosomewa siku ya kusaini. Mwenye duka la stationery pale senta ndiye aliyemsomea, na alimwambia hivi: mama, ukitaka waendelee, utaandika, usipotaka, usiandike. Kwa hiyo miaka yote hiyo shangazi alikuwa akijilinda kwa kunyamaza, kumbe kule kunyamaza ndiko kulikokuwa kunampa mpangaji eneo. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja.

Jumamosi nilipanda basi hadi Mwanhuzi, kisha pikipiki. Shangazi alinipokea vizuri, akanisalimu kwa Kisukuma, mwangaluka, nikamjibu mhola, akaniletea maji. Lakini nilipoanza kumweleza kifungu cha tisa, aliacha kuniita mwanangu akaanza kuniita mwalimu.

Aliniambia kwamba karatasi ni moja na waliosoma ni wawili, na kila mmoja anasema lake. Yule wa duka hana undugu naye, hana cha kupata. Mimi ni mtoto wa mtu aliyesema hadharani, siku ya arobaini ya babu, kwamba mwanamke aliyeolewa hapewi ardhi ya barabarani.

"Mlilitaka eneo hili," alisema taratibu. "Sasa unakuja kuniambia niweke sahihi kwenye karatasi nyingine. Nani amekutuma?"

Maneno hayo baba aliyasema kweli, na mimi nilikuwepo.

Lakini na mimi nilikuwa na shaka yangu, na yote nilikuwa nimemwekea yule wa duka. Binamu yangu, yule mjane, alikuwa ameninong'oneza kwamba wakala wa kampuni ndiye aliyempeleka shangazi pale dukani, na kwamba mwaka huohuo mwenye duka alipata mashine mpya ya kutoa kopi. Nikajumlisha mwenyewe. Nilitembea hadi senta nikiwa nimeshamhukumu.

Nilipoingia alisimama. "Shikamoo, madam."

Nilikuwa nimemfundisha. Sura niliikumbuka kabla ya jina, kijana wa dawati la nyuma, sasa ana ndevu na miwani. Nilimpa karatasi nikamwomba asome kifungu cha tisa. Alisoma kwa matamshi mazuri, kisha akatafsiri vilevile alivyomtafsiria shangazi: mkataba utaendelea ikiwa mwenye eneo atatoa taarifa.

Nikamuuliza "unless" maana yake nini.

"Si ni ndugu yake 'if', madam? Wewe ndiye uliyetufundisha."

Akaanza kunihesabia kwa vidole. "Because", "since" na "as" wanakaa nyumba moja, nyumba ya sababu. "Although" na "though" nyumba ya pili. "If", "unless" na "provided that" nyumba ya tatu, nyumba ya masharti. Yalikuwa maneno yangu mwenyewe. Kila mwaka nilikuwa nachora nyumba hizo ubaoni, na kila nyumba na mlango wake, ili wanafunzi waone kwamba kiunganishi ndicho kinachoingiza kishazi tegemezi ndani ya sentensi. Huwa naongeza kwamba "unless" ameficha ukanushi tumboni. Je, mwaka wake niliongeza? Nilisimama pale nikijitahidi kukumbuka, na sikukumbuka.

Kuhusu mashine, alisema aliachiwa na kaka yake aliyehamia Mwanza. Kuhusu wakala, alisema mtu huyo alikuwa amekaa kwenye benchi, akamsikia akitafsiri neno kwa neno, na hakumsahihisha. Nilimwamini nusu. Ile nusu ya shaka niliondoka nayo, na sikujua nimwekee nani, yeye, wakala, au mimi mwenyewe.

Alikubali kuja nami nyumbani. Alimwamkia shangazi, akapiga goti, akamwambia alisoma vibaya na anaomba radhi. Nilidhani hapo mambo yameisha. Shangazi alitutazama, yeye kisha mimi.

"Mliongea dukani," alisema. "Mmeshakubaliana."

Hakutaka kusikia zaidi. Kesho yake baada ya ibada alimtuma binti yake Mwanhuzi na ile karatasi, kwa muuguzi mmoja mstaafu. Shangazi alimwamini mama huyo tangu zamani, kwa sababu ndiye aliyekuwa akimsomea maandishi ya dawa, hii usinywe kabla hujala, hii acha ukiona vipele. Aliagiza binti asiseme neno lolote tulilolisema sisi, wala asitaje kwamba mimi nipo. Mimi na shangazi tulikaa uani tukipepeta choroko. Nilimwona akitazama mkoba wangu mara mbili, kama mtu anayejiuliza ndani mna karatasi gani.

Binti alirudi alasiri. Muuguzi alikuwa ameisoma mara mbili na kusema maneno machache tu: mkinyamaza, wanaendelea.

Shangazi alinawa mikono. "Andika," aliniambia. "Kwa Kiswahili."

Niliandika kwamba yeye, mwenye eneo, hataki mkataba uendelee. Nilitaka kuongeza kwamba ni kwa sababu binti yake anahitaji mahali pa kujenga, maana niliona barua ni kavu mno. Alinizuia mkono.

"Ukiweka 'kwa sababu', wataishika hiyo sababu. Watasema mbona pale pembeni panatosha nyumba. Acha hivyo hivyo."

Nimesomea lugha chuo kikuu, na hakuna aliyewahi kunieleza kishazi tegemezi kwa uwazi kiasi hicho. Aliweka sahihi. Jumatatu aliipeleka mwenyewe ofisi ya kampuni, akagoma kuondoka mpaka nakala yake ikapigwa muhuri.

Jibu lilikuja kwa Kiingereza, baada ya wiki mbili, nikaenda kulisoma. Lilianza na "Although". Niliishia hapo, maana sentensi inayoanza hivyo inaweza kugeukia popote. Shangazi aliniona nimekwama akaniamuru niende hadi nukta. Ingawa wangependa kuendelea, waliandika, wataondoka. Waliondoka kweli, wakabeba mabati yao na kutuachia udongo mweusi wa oili. Nyumba ya binamu yangu sasa imefika kwenye linta, juu ya madirisha.

Wakala nilikutana naye mara moja stendi ya Bariadi. Nilimuuliza kama siku ile alisikia tafsiri. Alitabasamu, akasema karatasi ilikuwa wazi. Mpaka leo sijui.

Darasani siku hizi kila kiunganishi nakifundisha kwa sentensi nzima, na siendelei mpaka kila mwanafunzi aniambie kwa Kiswahili nani atafanya nini asipofanya nini. Wananiona msumbufu.

Mwezi uliopita nilikwenda Lingeka, nikamkuta shangazi na barua ya kuunganishiwa umeme. Aliniomba nimsomee, nikasoma polepole. Alinishukuru, akaikunja, akajifunga kanga akaita pikipiki ya kwenda kwa muuguzi. Sikukasirika. Nilibaki na wajukuu tukimenya viazi, na aliporudi jioni hakuniambia kama mimi na muuguzi tulilingana.