Machela Njia Panda

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, huku kwetu Mgeta mgonjwa aliyeshindwa kutembea alibebwa kwa machela ya miti na blanketi. Siku mama alipozidiwa na homa, wajomba zangu walimbeba, nami nikafuata nyuma na kikapu cha maharage. Kwenye njia panda wakamtua. Chini kulikuwa na zahanati ya kijiji, ambayo haikumtoza mtu. Juu kulikuwa na hospitali ya masista, ambako ulilipa, hata kwa maharage.

“Nishusheni zahanati,” mama akasema. “Mawe ya msingi wake nimeyabeba kwa kichwa changu.”

Tukashuka. Mganga alimpa mama shikamoo kwa adabu zote, kisha akatuonyesha kabati tupu. Tukageuza, tukaupanda mlima ule ule kwenye matope, wajomba wakihema. Masista walipokea maharage, wakamchoma sindano, akapona.

Hata mwezi haujaisha, tukaitwa kwenye msaragambo, ile kazi ya kujitolea ya kijiji. Zahanati ilikuwa inaongezwa chumba. Nikamkuta mama anajitwika jiwe.

“Mama, chumba cha kuwekea nini?” nilifoka. “Dawa zenyewe hawana!”

Hakunitazama. “Kwa masista nikikosa dawa nitaomba,” alisema. “Hapa nitagomba.”

Na kweli aligomba, mpaka akazeeka. Kila alipougua ilibidi tumshushe kwanza zahanati akagombe, ndipo tumpandishe kwa masista.