Kitambaa Ambacho Mama Hakukimaliza

Juzi mdogo wangu alihamia nyumba yake mpya, akaniomba tukachague picha ya sebuleni. Tulizunguka mjini mchana kutwa: wapiga ngoma, viboko, ziwa. Zote nzuri, lakini mdogo wangu akasema hakuna hata moja inayomjua. Basi nikakumbuka picha yetu ya kwanza.

Ilikuwa miaka ya vita. Wazazi wetu walikuwa wamekufa, nasi wawili tulikuwa tumekimbia kutoka mtaa wa Kamenge na kupata chumba mtaa wa Buyenzi. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na tano, nimeacha shule, nauza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni. Yeye alikuwa bado mdogo sana. Jirani yetu, mama mmoja wa Uvira, ng'ambo ya mpaka, aliyeishi kwa kudarizi vitambaa vya viti, alitazama kuta zetu tupu akasema nyumba isiyo na kitu ukutani ni kituo cha basi tu.

Cha kutundika kilikuwa kimoja: kitambaa cheupe alichokuwa akidarizi mama. Siku ya kukimbia, wenzetu walibeba magodoro na masufuria. Mimi nilikifunga mgongoni na sindano ikiwa bado ndani, ikanichoma njia nzima. Kilikuwa na ndege wawili wanaotazamana, mmoja hana bawa. Jirani alijitolea kukimalizia. Nikakataa. Mkono mwingine ukiingia humo, nitajuaje wa mama ulikomea wapi? Mdogo wangu naye hakutaka kitundikwe vile. Alisema ndege yule anamtia huzuni. Kikabaki sandukuni.

Jioni moja nilirudi kutoka sokoni, mikono inanuka samaki, nikakikuta ukutani. Ndege ana bawa, la buluu, limevimba na kujikunja kama jani la muhogo lililonyauka. Uzi ulitoka kwenye sweta yangu ya shule, ile niliyoiweka chini ya godoro nikingoja siku ya kurudi darasani.

Nilikwenda kwa jirani, nikamkuta anakoroga maharage, nikamwomba alifumue bawa lile siku hiyo hiyo. Aliendelea kukoroga.

"Kufumua mi naweza," akasema. "Lakini huyu mutoto hakumbuki hata sura ya mama yake. Leo wamefanya kazi pamoja. We unataka niwatenganishe?"

Nikarudi ndani. Mdogo wangu alikuwa amejifunika shuka, anajifanya amelala. Nikamwambia bawa lake limekaa upande.

"Hata ya Mama imekaa upande, dada," akajibu kutoka ndani ya shuka. "Angalia muzuri."

Nikaangalia. Kweli.

Sweta ile tuliifumua yote, mikono yake ikawa maua ya pembeni. Shuleni sikurudi. Vita vilipopoa jirani alivuka kurudi kwao, hatukupata habari zake tena. Chumba kimevunjwa, na siku hizi ni nadra kumkuta mtu kibarazani anadarizi. Kitambaa chenyewe kililiwa na mchwa. Hata hivyo namshukuru jirani yule kila mara, popote alipo, kwa kutonisikiliza. Angenitii, ningebaki na nusu ya kazi ya mama, safi kabisa, nao mchwa wangeila vilevile. Ila mdogo wangu asingekuwa na siku aliyoshona na mama yake.